Namba Asiyoijua Fundi Barafu

Kila siku saa moja asubuhi, Fundi Barafu hufungua karakana yake. Ni chumba kimoja chenye mlango mpana wa bati. Ndani mna friji za kila namna: nyeupe, za kijivu, zenye kutu miguuni, na moja isiyo na mlango. Zimepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Katikati ipo meza ya mbao. Juu yake kuna bisibisi, koleo, vipande vya mrija wa shaba, na kipimo cha umeme ambacho Fundi haruhusu mtu mwingine akiguse.

Jina la Fundi Barafu alipewa na wateja. Alilipenda, akalipaka mlangoni kwa rangi ya bluu. Chini ya jina aliandika namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa kama viganja. Namba hiyo hiyo aliiandika kwenye ukuta wa duka la vipuri, na mgongoni mwa kila friji aliyoitengeneza. Mwaka wa kumi na moja sasa. Friji ya mtu ikizima, mwenyewe anachungulia nyuma, anaiona namba, anapiga.

"Mimi na namba hii tumezeeka pamoja," Fundi alizoea kusema.

Mkewe alikuwa mpishi katika shule ya msingi. Wanafunzi walimwita Mama Mwiko, kwa sababu mwiko wake wa kukorogea lile sufuria kubwa ulikuwa mrefu kuliko watoto wa darasa la kwanza. Jina hilo likamfuata mpaka nyumbani.

Jumatatu moja Fundi alikuwa amelala chali nyuma ya friji, mikono imejaa mafuta. Simu ikatetemeka mezani. Akainuka, akafuta kidole kimoja kwenye suruali, akafungua ujumbe. Uliandikwa hivi:

"Mteja mpendwa. Laini yako haijasajiliwa kikamilifu. Itafungwa leo saa tano kamili. Kuepuka usumbufu, piga namba hii sasa hivi."

Akatazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu.

Laini ikifungwa, nani atampata? Alifikiria migongo ya friji zote zile, kila moja na namba yake. Hakumwuliza mtu. Alipiga.

"Huduma kwa wateja, habari za asubuhi," ilijibu sauti ya mwanamume. Ilikuwa sauti tulivu, yenye adabu.

"Nzuri. Nimepata ujumbe hapa. Mnataka kunifungia laini."

"Pole sana, mzee wangu. Tunahakiki usajili tu. Dakika tatu tumemaliza. Unafanya kazi gani, mzee?"

"Natengeneza friji."

"Basi wewe ni mtu wa maana. Hatutaki upoteze wateja. Nisomee namba ya kitambulisho chako."

Fundi akaisoma.

"Vizuri. Sasa nitajie namba tatu unazozipigia mara kwa mara, nithibitishe kuwa laini ni yako kweli."

Fundi akazitaja bila kuangalia popote. Alizijua kwa kichwa.

"Hizi ni za nani?"

"Ya mke wangu, ya mama mkwe wangu, na ya duka la vipuri."

"Una heshima, mzee. Siku hizi wakwe hawakumbukwi."

Fundi akatabasamu. Kusifiwa na mtu wa ofisini si jambo la kila siku.

"Sasa utaingia ujumbe wenye tarakimu sita. Nisomee hizo tarakimu."

Ujumbe ukaingia. Ulikuwa na mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa tarakimu sita. Mstari wa pili Fundi hakuufikia. Alisoma tarakimu sita, moja baada ya nyingine, polepole, ili yule mtu asikosee kuandika.

"Asante sana, mzee wangu. Sasa zima simu kwa saa moja, mfumo ufanye kazi yake. Na usimwambie mtu kwanza, wakitupigia wengi tunaelemewa."

Fundi akazima simu. Akarudi nyuma ya friji. Alijisikia kama mtu aliyewahi basi la mwisho.

*

Saa sita kasorobo Mama Mwiko aliingia karakana. Alikuwa bado amevaa aproni ya jikoni. Si kawaida yake kutoka shuleni kabla watoto hawajala.

"Simu yako iko wapi?" aliuliza.

"Hiyo hapo mezani. Nimeizima. Watu wa huduma kwa wateja wameniambia niizime."

"Iwashe."

Fundi akaiwasha. Wakasubiri. Juu ya kioo palitokea maneno mawili: hakuna mtandao.

Mama Mwiko akampa simu yake mwenyewe. "Soma."

Fundi akasoma: "Mke wangu mpendwa, nimeharibu mali ya mteja, wananishikilia. Nitumie chochote ulicho nacho. Usipige, spika imekufa." Juu ya ujumbe lilionekana jina lake, kama mkewe alivyolihifadhi kwenye simu.

"Sikuandika mimi haya," alisema.

"Najua. Tangu unioe hujawahi kuniita mke wangu mpendwa. Unaniita 'wewe'. Nilipousoma tu nikasema, huyu si wangu."

Siku nyingine Fundi angecheka. Sasa alikaa juu ya kopo la rangi.

"Alinitaka namba tatu," alisema. "Nikampa."

"Zipi?"

"Yako. Na ya duka la vipuri."

"Na ya tatu?"

"Ya mama."

Mama Mwiko hakugomba. Alikuwa ameshaweka simu sikioni. Iliita, ikaita tena, ikapokelewa. Aliiweka kwenye sauti ya nje ili mumewe asikie.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo kwa wakala, mwanangu. Namalizia."

"Unamalizia nini?"

"Kumtumia mkwe. Ile ya kwanza amesema haikutosha. Akasema nisikuambie, asije akakupandisha presha."

"Mama, toka kwenye foleni."

"Mbele yangu amebaki mtu mmoja tu."

"Toka, mama. Mkwe wako yuko hapa, namwona kwa macho yangu, ameshika bisibisi. Anayekuandikia si yeye. Laini yake imeibwa."

Wakasikia wakala akisema, "Karibu, bibi." Kisha wakamsikia mama akijibu, "Samahani, baba. Leo situmi."

Mama Mwiko alivua aproni, akaikunja mara mbili. "Funga mlango," alimwambia mumewe. "Twende. Yule mtu bado ana laini yako mkononi."

*

Katika ofisi ya kampuni ya simu kulikuwa na viti vya plastiki na watu wengi waliokaa. Fundi alitaka kukaa nao. Mama Mwiko alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye dawati.

"Dada, naomba radhi kwa waliotangulia," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Laini ya mume wangu iko kwa mwizi. Anaitumia sasa hivi tunavyoongea."

Waliokaa wakanong'ona. Mzee mmoja akasema, "Wapite."

Karani alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Wenzake walimwita Dada Taratibu, na haikuchukua muda kujua kwa nini.

"Kaeni. Taratibu," alisema. "Kwanza tufunge laini. Kuongea baadaye."

Alichukua kitambulisho cha Fundi, akamtazama usoni, akabonyeza vitufe. Dakika chache tu.

"Imefungwa. Huko aliko, hawezi tena kupiga wala kuandika kwa namba yako. Pia nimezuia akaunti yako ya pesa ya simu. Nitakupa kadi mpya ya namba ile ile. Utaweka namba mpya ya siri, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa." Akavua miwani. "Sasa nieleze ilivyokuwa."

Fundi akaeleza. Alipofika kwenye kusoma tarakimu sita, alishusha sauti. Alikwishaanza kubonyeza simu aufute ule ujumbe.

"Usifute," alisema Dada Taratibu. "Najua unaona aibu. Lakini ule ni ushahidi. Polisi watautaka, na sisi tunautaka ili tuifunge na ile namba yake. Ufungue. Nisomee mstari wa kwanza."

Fundi akasoma tarakimu.

"Wa pili?"

Fundi akausogeza karibu na macho. "Usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wetu." Akausoma tena, kimoyomoyo.

"Tarakimu zile ndizo ufunguo wa laini yako," alisema Dada Taratibu. "Alipokuwa nazo, pamoja na kitambulisho chako na zile namba tatu, aliweza kujifanya wewe. Akaihamishia laini kwenye simu yake. Sisi hatumwulizi mteja tarakimu hizo. Hatumwulizi namba ya siri. Mimi hapa nakuhudumia, sijakuuliza."

"Lakini mimi ndiye niliyempigia," alisema Fundi. "Hakunipigia yeye."

"Ulipiga namba gani?"

"Ile iliyokuwa kwenye ujumbe."

"Namba hiyo alikupa nani?"

Fundi akafikiri. "Yeye."

"Basi ulimwuliza yeye mwenyewe kama yeye ni mkweli. Ulitegemea ajibu nini?" Dada Taratibu alisema bila kejeli. "Ukiwa na wasiwasi, tafuta njia nyingine ya kutufikia. Piga ile namba fupi iliyoandikwa kwenye kadi ya laini, au njoo hapa tuonane. Usipige namba aliyokupa, usibonyeze kiungo alichokutumia. Laini ya mtu haifungwi kwa nusu saa. Ungekuja kesho, ungeikuta. Aliyekupa nusu saa ni yeye, kwa sababu mtu mwenye haraka hasomi mstari wa pili."

"Kumbe kumsomea mtu tarakimu zile ni mwiko," alisema Mama Mwiko.

"Mwiko kabisa."

"Mwiko mmoja nilio nao nyumbani umenitosha," alisema Fundi. "Leo nimeongezewa wa pili."

Wote watatu wakacheka, na Fundi akaona pumzi inamrudia.

"Bahati ni kwamba mmewahi," alisema Dada Taratibu. "Mmekuja leo leo. Wengine wanakaa wiki nzima wakiona aibu, na muda wote huo mwizi anafanya kazi. Sasa nendeni polisi mkaandikishe. Halafu waambieni watu wote wanaowajua."

*

Kituoni waliandikisha malalamiko, wakaonyesha ujumbe, wakapewa karatasi. Askari aliwaambia wazi kwamba pesa iliyokwisha kutolewa ni vigumu kurudi. Fundi aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Palikuwa na mahali pamoja alipopaogopa kuliko kituo cha polisi.

Mama mkwe wake aliishi ng'ambo ya soko, katika nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha nyuma kilikuwa na kuta tu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiweka akiba ya mabati.

Fundi hakukaa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia ndani, baba. Mbona unasimama kama mgeni?"

"Mama, nimekuja kukuambia mwenyewe. Namba yako nilimpa mimi. Alinisifu kidogo tu, nikampa. Mabati yako yameondoka kwa mdomo wangu."

Mama mkwe alimvutia kiti. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyependa maneno mengi.

"Unajua kwa nini nilituma haraka vile?" alisema. "Miaka yote hii hujawahi kuniomba kitu. Hata maji ya kunywa unangoja ukaribishwe. Nikasema, kama huyu ameniomba mimi, basi ameshikwa pabaya. Sikufikiri mara mbili."

Fundi aliinamisha kichwa. Neno hilo lilimwingia kuliko matusi.

"Mwizi ametumia heshima yako kwangu," aliendelea mama mkwe. "Aliyekosa ni yeye. Chumba kitaezekwa tu, hata tukianza na bati moja. Lakini nataka tupange jambo. Siku nyingine ukiniandikia una shida, nikipiga hupokei, nitajuaje kama ni wewe?"

"Subiri usikie sauti yangu, mama. Au mpigie binti yako kwanza. Usitume kabla hujasikia sauti ya mmoja wetu."

"Sauti nayo kwenye simu inadanganya. Nitakuwa na swali." Alimtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Nitamwuliza, siku aliyokuja kujitambulisha hapa, chai alimmwagia nani?"

Mama Mwiko akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, hilo tulikubaliana lisahaulike," alisema Fundi.

"Ndiyo maana linafaa. Halijui mwizi yeyote. Msiliandike popote, msilitangaze."

Jioni ile, kwa laini iliyorudi, Fundi alipiga simu mpaka sikio likawa la moto. Mwenye duka la vipuri alikuwa amepata ujumbe pia. Alikuwa amekwisha kufunga mota mbili mpya kwenye boksi, akingoja mtu wa kuzichukua. Alizirudisha kwenye rafu.

Kesho yake Fundi alichukua kipande cha kadibodi, akaandika, akakining'iniza mlangoni: "Jana laini yangu iliibwa. Nilimsomea mtu nisiyemjua namba za kuthibitisha. Ukiombwa pesa kwa jina langu, si mimi. Njoo uniulize."

Kinyozi wa jirani alimshauri akitoe. "Unajitangaza kuwa mjinga, fundi."

"Najitangaza kuwa nimepona," alijibu Fundi. "Kinakaa hapo hapo."

Kikakaa. Na watu wakaanza kuingia, wengine bila friji yoyote. Mshona viatu alisema aliambiwa ameshinda zawadi, akatakiwa atume kwanza gharama ya kuisafirisha. Mwalimu alisema alibonyeza kiungo cha kazi mpya, simu ikaanza kujiendesha. Mwisho akaja kinyozi mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, karakana ikiwa tupu. Mtu alimpigia akadai amemtumia pesa kimakosa, naye akairudisha. Baadaye akakuta hakuna kilichoingia. Ule ujumbe wa kuonyesha kwamba pesa imeingia, mtu yule aliuandika mwenyewe.

"Hujawahi kumwambia mtu?" aliuliza Fundi.

"Ndiyo kwanza nakuambia wewe."

"Ukipata tena ujumbe kama huo, usiangalie ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe. Na kama kweli pesa imeingia, waachie kampuni ya simu wairudishe."

Hilo Fundi alikuwa ameliuliza asubuhi ile, kwa namba fupi ya kwenye kadi.

*

Lakini Fundi mwenyewe alikuwa na ugonjwa mpya. Simu ikiita, akiona namba asiyoijua, haipokei. Anaiangalia mpaka inyamaze.

Wiki ya kwanza aliona raha. Wiki ya pili karakana ikawa kimya. Friji zilizotengenezwa zilichukuliwa na wenyewe, na nyingine hazikuja. Nafasi ukutani zikawa wazi, alama za miguu ya friji zimebaki sakafuni.

"Kazi imepungua msimu huu," alimwambia mkewe.

"Joto lote hili?" aliuliza Mama Mwiko. "Friji za watu zimekubaliana zisiharibike?"

Alhamisi moja, gari dogo la mizigo lilisimama mlangoni. Dada Taratibu alishuka. Nyuma ya gari ilikuwapo friji imelazwa kwenye gunia.

"Fundi, nimekupigia tangu Jumanne," alisema. "Mara tano. Maziwa yangu yote yameganda, si kwa baridi."

"Samahani, dada. Sikuijua namba."

Dada Taratibu alitazama kuta zilizo wazi. Akavua miwani.

"Nikuulize. Mteja mpya akikupigia mara ya kwanza, namba yake unaijua?"

Fundi akaitazama simu yake mezani.

"Hakuna fundi anayewajua wateja kabla hawajapiga. Sikukufundisha uogope simu. Labda nilikufundisha nusu." Akavuta kopo la rangi, akakaa. "Friji hii hapa. Mimi nakuambia mota imekufa. Utabadilisha mota?"

"Siwezi. Lazima nipime kwanza."

"Kwani mimi ni mwongo?"

"Hapana. Lakini sijui. Nikipima nitajua."

"Basi simu nayo ipokee, halafu upime. Kupokea na kusikiliza hakukuibii. Kinachokuibia ni unachotoa: namba ya siri, tarakimu za kuthibitisha, kitambulisho, pesa ya kutanguliza, habari za jamaa zako. Hivyo usitoe. Uliza wewe. Nani mwenzangu? Unapiga kutoka wapi? Namba yangu umeipata wapi? Mteja wa kweli atakujibu, wala hatakasirika. Na kama una shaka, mwambie utampigia. Kata. Kisha uhakikishe kwa njia unayoijua wewe, si anayokuonyesha yeye."

Fundi alikuwa ameshaifungua friji kwa nyuma. Aliweka kipimo chake, akasikiliza, akapima tena.

"Mota yako nzima," alisema. "Ni kifaa kidogo tu cha kuiwashia ndicho kimeungua."

"Unaona," alisema Dada Taratibu. "Ungeniamini, ningelipa mota."

Siku ile ile Fundi alipokea namba ngeni nne. Ya kwanza aliiacha iite mara tatu kabla ya kupokea. Alikuwa mama mmoja mwenye friji inayovuja. Ya pili ilikuwa mtu aliyekosea namba. Ya tatu alikuwa kijana wa hoteli. Ya nne ilikuwa sauti laini iliyoanza na "Hongera, mteja wetu". Fundi aliuliza, "Unapiga kutoka ofisi ipi? Nije sasa hivi, nipo karibu." Simu ikakatwa. Fundi akaripoti namba hiyo kwa kampuni ya simu, akaizuia, akarudi kazini.

*

Mwezi ulipita. Ikaja asubuhi moja ya Jumatano, simu ikaita. Namba ngeni.

"Fundi friji hapa. Nani mwenzangu?"

"Ni muuguzi, kutoka zahanati." Sauti ilikuwa ya mwanamke, inapumua kwa kasi. "Friji ya chanjo imezima. Tumehamishia dawa kwenye boksi la barafu, lakini barafu haitadumu mpaka jioni. Njoo sasa hivi, fundi. Sasa hivi. Kodi pikipiki, utalipwa hapa hapa."

Haraka ile ile. Mtu wa ofisi, kama yule.

"Zahanati ipi, dada?"

Akamtajia.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Kuna mtu wa usafi hapa, ulimtengenezea friji. Fundi, tafadhali, maswali mengi ya nini? Watoto wako kwenye benchi."

"Naja, dada. Nakata kidogo, nakupigia."

Akakata. Aliogopa, lakini hakuchanganyikiwa. Akampigia mkewe shuleni. "Yule mwenzako wa jikoni mwenye mtoto mchanga, kadi yake ya kliniki anayo hapo? Ina namba ya zahanati. Nisomee." Mama Mwiko hakuuliza kwa nini. Sekunde chache baadaye akaisoma. Fundi akaipiga namba ile ya kwenye kadi.

"Zahanati, habari," ilijibu sauti ya mwanamume.

"Nzuri. Mimi ni fundi wa friji. Kuna mtu wenu amenipigia?"

"Ndiyo, muuguzi wetu, kwa simu yake. Uko njiani?"

"Nipo njiani," alisema Fundi, na alikuwa ameshabeba mkoba wa vifaa.

Chumba cha chanjo kilikuwa kidogo, kimepakwa chokaa nyeupe. Nje, akina mama kumi na kitu walikaa kwenye benchi, watoto mapajani. Muuguzi alimpokea kwa uso mkavu.

"Ulinikatia simu," alisema.

"Nilikuwa nahakikisha kama ni wewe kweli, dada. Niliwahi kuibiwa na mtu mwenye haraka."

Muuguzi alimtazama. Akaonekana kutaka kusema kitu, akakiacha. Akamshikia tochi.

Fundi alipima. Waya mmoja ulikuwa umelika karibu na mota, na feni ilikuwa imekabwa na vumbi. Alikata, akaunga, akasafisha, akapima tena. Akawasha. Mota ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena, halafu ikashika mlio wake. Wote wawili wakatazama kipimajoto. Mshale ulikataa kusogea. Baadaye ukasogea. Ukashuka polepole, ukaendelea kushuka, mpaka ukaingia kwenye mstari wa kijani.

Muuguzi akaanza kurudisha chupa ndogo ndogo ndani, akizihesabu kwa midomo.

"Mwezi uliopita," alisema bila kugeuka, "mtu alinipigia akasema ni wa wizara. Akaniuliza tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu. Nikampa. Nililia siku mbili. Sikujua kama mtu anaruhusiwa kukata simu."

"Unaruhusiwa," alisema Fundi, akikusanya bisibisi zake. "Aliye wa kweli utamkuta pale pale."

Muuguzi akaufunga mlango wa friji, akaushikilia kidogo kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Kisha akatoka nje, akaita mama wa kwanza. Fundi alikuwa bado anafuta mikono aliposikia kilio cha mtoto kutoka chumba cha pili. Kilikuwa kilio kikali, cha mtu aliyechomwa sindano bila kuulizwa.

"Huyo," alisema muuguzi kwa sauti kutoka upande wa pili wa pazia, "ndiye anayekushukuru."